Amepona korona na kemo bado inaendelea: vipi kuhusu damu kuganda?

*Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61. Alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, na sasa anapata kemo kila baada ya wiki mbili kupitia mpira uliowekwa mkononi. Amemaliza mizunguko minne. Wiki tatu zilizopita alipata korona. Alikuwa na homa na kikohozi, akatibiwa nyumbani bila kulazwa. Homa imeisha ila anachoka sana. Mzunguko wa tano uliahirishwa. Watu wanatuambia kemo baada ya korona inagandisha damu mpaka kwenye mapafu, na kwamba tumpe aspirini au tummalizie sindano za tumboni zilizobaki baada ya upasuaji. Mama mwenyewe ameogopa, anataka kuacha kemo. Tufanyeje?*

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa kuuguza.

Waliowaambia kwamba damu ya mama sasa ni rahisi kuganda kuliko kawaida hawakusema uongo. Walipopotoka ni kwenye tiba. Aspirini msimpe. Sindano zilizobaki msimchome kabla daktari wake wa saratani hajaona majibu ya damu ya wiki hii. Na kemo isiachwe kwa sababu hii peke yake. Kuisogeza mbele siku kadhaa ni sawa, na tayari limefanyika. Kuiacha ni jambo jingine kabisa. Yanayofuata ni sababu za kusema hivyo, pamoja na mambo ya kuangalia mkiwa nyumbani, maana bonge la damu mara nyingi huanza kuonekana huko kabla ya siku ya kliniki.

Tuanze na saratani yenyewe, kwa sababu watu huisahau na lawama zote wakaitupia kemo. Uhusiano wa saratani na damu kuganda ulijulikana zamani kabla kemo haijagunduliwa. Mwaka 1865 daktari Armand Trousseau wa Paris alieleza kwamba mtu anayevimba mishipa kwa damu kuganda bila sababu ya wazi achunguzwe saratani. Miaka miwili baadaye aliiona dalili hiyohiyo mwilini mwake, akajua kilichomfika, na saratani ya tumbo ikamuua mwaka huohuo. Leo tunajua kinachotokea: seli za saratani hutoa protini inayowasha mfululizo wa kuganda, huchokoza chembe sahani (chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha) zishikamane, na uvimbe mkubwa hubana mishipa hata damu ikatembea kwa kujikokota. Kwa ujumla mwenye saratani ana hatari ya bonge la damu mara 4 hadi 7 ya mtu asiye nayo. Lakini saratani hazilingani. Ya kongosho na ya tumbo ndizo mbaya zaidi kwa jambo hili, kisha hufuata za mapafu, kibofu, ovari na limfoma. Utumbo mpana uko katikati. Isitoshe, mama uvimbe wake umeshatolewa, na hilo linampunguzia sehemu ya mzigo.

Sasa kemo. Kemo ya kila wiki mbili kwa saratani ya utumbo mpana kwa kawaida huwa fluorourasili pamoja na oksaliplatini, mizunguko 12 kwa miezi 6, na nitachukulia ndiyo anayopata. Dawa hizi zinapoua seli za saratani hujeruhi pia utando laini ulio ndani ya mishipa ya damu. Utando ule ukiwa mzima huteleza na kuzuia damu isishikamane. Ukijeruhiwa hugeuka kuwa mahali pa damu kung'ang'ania. Fluorourasili huleta pia kuhara, na mtu anayehara bila kurudishiwa maji damu yake huwa nzito. Halafu kuna ule mpira wa mkononi. Ni kitu kigeni kilicholala ndani ya mshipa kuelekea moyoni, na bonge linaweza kujijenga kuuzunguka. Kwa hiyo kwa mama msiangalie miguu tu, mwangalie na mkono wenye mpira.

Korona imekuja juu ya hayo yote. Virusi vyake hushika seli zinazopanga kuta za mishipa, mwili nao hujibu kwa kinga kuwaka kupita kiasi, jambo linaloamsha chembe sahani na protini za kugandisha. Mwaka 2020, kabla hatujawa na chanjo wala uzoefu, wagonjwa mahututi walikutwa na mabonge madogo yametapakaa kwenye mapafu. Aina za virusi zinazozunguka siku hizi, na kinga ambayo wengi wetu tumeshaipata, zimeipunguza sana hali ile. Hata hivyo haijaisha, na haiishii siku homa inapoondoka.

Utafiti ulionisaidia zaidi kuwajibu watu kwenye hili ulifanyika Sweden na kuchapishwa mwaka 2022. Walifuatilia watu zaidi ya milioni 1 waliougua korona kati ya Februari 2020 na Mei 2021. Hatari ya bonge kwenye mishipa ya miguu ilibaki juu kwa takriban miezi 3, ya bonge kwenye mapafu miezi 6, na ya kutokwa damu miezi 2. Angalieni hilo la tatu, nitalirudia nikifika kwenye aspirini. Waliougua bila kulazwa nao walikuwa na hatari iliyoongezeka, ingawa ndogo kuliko ya waliolazwa.

Kutoka kwenye utafiti huohuo ndipo watu walipookota ile habari kwamba korona huongeza bonge la mapafu mara 33. Ni kweli, kwa siku 30 za kwanza. Ila waliopata bonge hilo walikuwa kama 17 kati ya kila watu 10,000. Kitu kidogo sana kikizidishwa mara 33 bado kinaweza kuwa kidogo. Kwa mgonjwa wa saratani namba ya kuanzia ni kubwa zaidi, kwa hiyo sisemi hatari ya mama ni 17 kati ya 10,000. Ninachowaonya ni ule mtindo wa kuchukua mara 5 ya saratani na kuizidisha na mara 33 ya korona hadi mtu anaonekana hana pa kupona. Mwili hauhesabu hivyo. Mama yuko wiki ya tatu, yaani ndani ya kipindi cha kuwa macho, na kila wiki inayopita upande wa korona unapungua.

Kwa nini basi asipewe kinga tu? Swali zuri, na madaktari wamelifanyia kazi. Kuna kipimo kilichobuniwa Marekani mwaka 2008 na Alok Khorana na wenzake, cha kutabiri nani ataganda damu akiwa kwenye kemo. Kinatazama saratani iko wapi, chembe sahani kama zimefika 350,000, himoglobini kama iko chini ya 10, chembe nyeupe kama zimezidi 11,000, na unene wa kupindukia. Mwenye alama 2 na zaidi anaweza kufaidika na dawa ya kinga. Katika jaribio moja lililotoka mwaka 2019, wagonjwa wa namna hiyo waliopewa apiksabani, kidonge cha kuzuia damu kuganda, kwa dozi ndogo walipata mabonge kwa 4.2%, na waliopewa vidonge visivyo na dawa 10.2%. Faida ipo, lakini kutokwa damu kwa hatari kuliongezeka pia, kutoka 1.8% hadi 3.5%. Saratani ya utumbo mpana yenyewe haimpi mama alama hata moja kwenye kipimo hiki, hivyo alama zake zitatokana na damu na uzito wake. Kipimo kilitengenezwa kwa mtu anayekaribia kuanza kemo, na korona haimo ndani yake. Daktari atakitumia kama mwanzo wa mazungumzo, kisha aongeze mpira, upasuaji wa karibuni, muda anaokaa kitandani, na kama mama au ndugu wa damu aliwahi kupata bonge. Hilo la mwisho mwambieni hata kama hakuuliza.

Aspirini nimeikataa kwa sababu mbili. Kwanza, hufanya kazi kwenye chembe sahani, wakati bonge la kwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) hujengwa zaidi na nyuzi za protini. Kwa hiyo hata kwa mtu mzima wa afya ni kinga dhaifu kwa shida hii. Ilijaribiwa kwenye korona. Katika jaribio kubwa la Uingereza liitwalo RECOVERY, lenye wagonjwa karibu 15,000 waliolazwa, vifo vilikuwa 17% kwa waliopewa aspirini na 17% kwa wasiopewa. Mabonge yalipungua kidogo, kutokwa damu kukaongezeka kidogo. Kwa waliotibiwa nyumbani, jaribio la Marekani lililojumuisha aspirini na apiksabani lilisimamishwa mapema kwa sababu matukio yalikuwa machache mno hata pasipo dawa. Sababu ya pili ndiyo nzito kwa mama: kemo hushusha chembe sahani, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Aspirini huzilemaza zile chache zilizobaki, na kazi hiyo hudumu wiki nzima na zaidi hata akiacha kumeza. Ongezeni ule muda wa miezi 2 ambao korona yenyewe huleta kutokwa damu, na utumbo ulioshonwa. Kama mama tayari alikuwa anatumia aspirini kwa ajili ya moyo au kiharusi kwa amri ya daktari, hiyo ni habari nyingine. Asiiache kienyeji, aulize.

Sindano za tumboni ni suala gumu kidogo, kwa sababu zenyewe ni dawa sahihi. Bila shaka ni enoksaparini, aina ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo waliofanyiwa upasuaji wa saratani ndani ya tumbo huchomwa kwa takriban wiki 4 kama kinga. Shida ni dozi na wakati. Dozi ya kinga kwa kawaida ni miligramu 40 kwa siku. Dozi ya kutibu bonge ni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku. Mama mwenye kilo 60 angehitaji 120 kwa siku. Sasa fikiria amekwisha kupata bonge ambalo hamjaligundua, nanyi mnamchoma 40: mnampa theluthi ya tiba, uvimbe unapungua kidogo, mnatulia nyumbani huku bonge lipo. Upande wa pili, kama chembe sahani zake zimeshuka au figo zimechoka, hata hiyo 40 inaweza kumwaga damu. Na heparini yenyewe, mara chache, husababisha chembe sahani kuporomoka siku ya 5 hadi ya 10, ndiyo maana anayeitumia hupimwa damu. Zipelekeni kliniki kama zilivyo, na boksi lake, daktari aone tarehe ya kuisha na dozi.

Akiwaruhusu, wengi huchoma vibaya, kwa hiyo nielekeze hapahapa. Mama aegemee nyuma. Chagueni ubavu wa tumbo, angalau sentimita 5 kutoka kitovuni na mbali na kovu la upasuaji, kushoto leo, kulia kesho. Kapovu ka hewa kaliko ndani ya sindano iliyojazwa kiwandani kasitolewe. Kapo ili dawa yote iingie. Shikeni mkunjo wa ngozi kwa vidole viwili, ingizeni sindano wima hadi mwisho, sukumeni taratibu, na mkunjo msiuachie mpaka sindano itoke. Halafu msisugue. Alama za bluu tumboni ambazo watu huzilalamikia mara nyingi ni za kusugua.

Kuna waliosikia kuhusu jaribio la Brazil ambamo waliopewa rivaroksabani, kidonge kingine cha kuzuia damu kuganda, kwa siku 35 baada ya korona walipungukiwa na mabonge kutoka 9% hadi 3%. Wale walikuwa wamelazwa na wametoka hospitali wakiwa na hatari kubwa. Mama hakulazwa. Matokeo yale hayahamii kwake moja kwa moja.

Kuhusu kurudi kwenye kemo: wakati wa wimbi la kwanza tuliogopa sana, tukidhani kila aliye kwenye kemo atakufa akiambukizwa. Kisha Waingereza wakachapisha, mwaka 2020, taarifa za wagonjwa 800 wa saratani wenye korona. Asilimia 28 walikufa, ambao ni wengi, lakini kuwa wamepata kemo ndani ya wiki 4 hakukuonekana kuongeza vifo; kilichoonekana ni umri, jinsia ya kiume, shinikizo la damu na maradhi mengine. Wenye saratani za damu ni kundi la peke yake, kwao uangalifu ni mkubwa zaidi na virusi hukaa mwilini muda mrefu. Mwaka huohuo uchambuzi mwingine mkubwa ulionyesha kwamba kila wiki 4 za kuchelewa kuanza matibabu ya saratani huongeza hatari ya kifo kwa 6% hadi 13%, kutegemea saratani na aina ya tiba. Ulihusu kuchelewa kuanza, si kukatiza katikati, lakini unatosha kumweleza mama kwamba kuacha nako kuna bei yake. Kemo baada ya upasuaji inafuata chembe za saratani ambazo hakuna skani inayoziona. Bonge la damu tuna dawa yake. Saratani ikirudi na kusambaa, kazi inakuwa ngumu mara nyingi zaidi.

Kwa kawaida mgonjwa kama mama husubiri angalau siku 10 tangu dalili zilipoanza, awe hana homa bila kutumia dawa ya kuishusha, na aliyepungukiwa sana kinga anaweza kusubiri hadi siku 20. Amezivuka zote. Vituo vingi hutaka neutrofili (chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu) zifike 1,500 na chembe sahani 75,000 hadi 100,000 kabla ya mzunguko mpya. Anaweza pia kupunguziwa dozi kidogo kwenye mzunguko wa tano kwa sababu ya ule uchovu. Hilo si kushindwa, ni jambo la kila siku kwenye wodi za saratani. Uchovu wenyewe upimwe. Huenda ni korona tu inayomalizikia, huenda ni upungufu wa damu, na huenda ni bonge la mapafu linalojificha, kwa hiyo msiukubali tu kwamba "ni kawaida ya kemo".

Sasa ya nyumbani. Leo hii, mama akiwa mzima, chukueni futi ya fundi cherehani. Tafuteni kile kinundu cha mfupa kilicho chini kidogo ya goti, shukeni sentimita 10, wekeni alama ya kalamu, mzungushe futi hapo kwenye shavu la mguu. Fanyeni miguu yote miwili na muandike. Tofauti ndogo ni ya kawaida kwa watu wengi. Lakini mguu mmoja ukizidi mwenzake kwa zaidi ya sentimita 3, hasa kama siku chache nyuma ililingana, mpelekeni siku hiyohiyo apigwe ultrasaundi ya mishipa. Bonge la mguu hupenda upande mmoja. Uvimbe wa miguu yote miwili jioni, unaopungua asubuhi, mara nyingi una sababu nyingine. Mguuni kunaweza kuwa na maumivu kama ya kukaza msuli ambayo hayaishi, joto, na ngozi kuiva au kugeuka rangi; kwa mtu mweusi rangi haionekani vizuri, kwa hiyo tegemeeni futi na mkono wenu unaopapasa joto zaidi ya macho. Msiusugue wala kuukanda kwa mafuta mguu uliovimba ghafla. Na ule mkono wenye mpira: pete ikianza kubana, mishipa ikichomoza begani au kifuani upande huo, shingo ikauma, au mpira ukaanza kugoma kupitisha dawa, semeni.

Kwenye mapafu dalili ni kuhema kunakokuja ghafla au kunakozidi kwa siku mbili tatu, maumivu yanayochoma akivuta pumzi ndani, moyo kwenda mbio akiwa amekaa, kizunguzungu au kuzimia, na kukohoa damu. Hapo hakuna kusubiri asubuhi. Kama mna kile kipimo cha oksijeni cha kidole, ikishuka chini ya 94 akiwa ametulia, nendeni. Mikono yake ipashwe joto kwanza, kwa kuwa vidole baridi hudanganya kipimo. Kipimo kikiwa kizuri lakini mama hahemi vizuri, mwaminini mama.

Kwa dawa zake kuna mambo mawili yanayofanana na bonge la mapafu na yanayowatia watu kiwewe. Siku chache za mwanzo baada ya oksaliplatini, akinywa kitu cha baridi au akipigwa na upepo wa baridi, anaweza kuhisi koo limebana na pumzi haipiti. Oksijeni inakuwa sawa, na inapita akipata joto. Jingine ni fluorourasili, ambayo kwa baadhi ya watu hubana mishipa ya moyo na kuleta maumivu ya kifua, hasa ile pampu ya siku mbili ikiwa bado inaingiza dawa. Hilo la pili ni dharura kama bonge lenyewe: pigeni simu kwa timu yake palepale waelekeze jinsi ya kufunga pampu, na aende hospitali.

Mkifika hospitali msishangae kama kipimo cha damu cha D-dima, kinachotafuta mabaki ya damu iliyoganda, hakitapewa uzito. Kikiwa chini husaidia kuondoa wasiwasi, lakini kwa mwenye saratani aliyetoka kwenye korona karibu lazima kiwe juu, bonge liwepo lisiwepo. Nimewaona watu wamekipima wenyewe, wakaona namba kubwa, wakalala macho wiki nzima kwa bure. Jibu la kweli linatoka kwenye ultrasaundi ya mguu au mkono, au CT skani ya mapafu yenye dawa ya kuonyesha mishipa.

Likikutwa bonge, kemo kwa kawaida haifi. Huahirishwa kidogo, dawa ya kuzuia mgando inaanzwa, kisha safari inaendelea. Hata mpira, kama bado unapitisha dawa na hauna maambukizi, mara nyingi huachwa ulipo. Mwaka 2003 ilithibitika kwamba kwa wagonjwa wa saratani heparini ya sindano huzuia bonge kurudi vizuri kuliko vidonge vya zamani vya warfarini, na kuanzia mwaka 2018 vidonge kama edoksabani, rivaroksabani na apiksabani vimeonekana kufanya kazi hiyo pia. Vidonge hivi, hasa viwili vya kwanza, vina tabia ya kuchokoza damu itoke kwenye saratani za tumbo na utumbo, hasa uvimbe ukiwa bado mahali pake. Kwa mama uvimbe ulishatolewa, kwa hiyo mlango haujafungwa, ingawa daktari atatazama pale pa mshono. Matibabu huchukua miezi 3 hadi 6, na huendelea maadamu kemo inaendelea. Chembe sahani zikiwa 50,000 na zaidi hupewa dozi kamili. Zikiwa kati ya 25,000 na 50,000 dozi hupunguzwa, mara nyingi nusu. Chini ya hapo husimamishwa. Ndiyo maana nawasisitiza kuuliza namba hiyo kila mnapopima damu.

Maji ya kutosha, hasa akihara, na kutembea ndani ya nyumba mara kadhaa kwa siku badala ya kulala kutwa, havihitaji kibali cha mtu. Chanjo ya korona, kama hajapata ya karibuni, aizungumze na daktari ili ipangwe katikati ya mizunguko.

Na ikitokea ameambukizwa tena wakati yuko kwenye kemo au vidonge vya kuzuia mgando, kuna dawa ya korona yenye ritonaviri ndani yake, inayouzwa kwa jina la Paxlovid. Inafaa sana kwa mtu mwenye hatari, ila ritonaviri huzuia ini lisivunje dawa nyingine nyingi. Rivaroksabani na apiksabani hupanda kwenye damu hadi kiwango cha kumwaga damu, na baadhi ya dawa za kemo hupanda vilevile. Anayemwandikia aonyeshwe orodha ya dawa zake zote, na daktari wa saratani apigiwe simu kabla ya kidonge cha kwanza.